Umechoka, lakini umechokaje?

Shikamoo dada,

Mimi ni mama wa watoto 2, nina miaka 34, naishi Kimara pamoja na mume wangu, watoto na wifi yangu. Huu ni mwaka wa 4 tangu niambiwe nina lupus, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Kabla ya kujulikana nilizungushwa sana. Nilitibiwa malaria, nikatibiwa taifodi, nikaombewa, nikanyweshwa na majani, mpaka daktari mmoja alipotazama vidole vilivyovimba na madoa ya mashavuni akasema tupime kitu kingine. Namshukuru Mungu dawa nazipata. Natumia haidroksiklorokwini na prednisoloni, zote nazimeza usiku kabla ya kulala maana asubuhi nakimbizana na mwendokasi.

Dada, maumivu nimeyazoea. Kinachonimaliza ni huu uchovu. Naamka saa 11 alfajiri nimechoka, kama mtu aliyekesha msibani. Nafika kituoni, nikimaliza ngazi za daraja nimechoka mpaka moyo unadunda masikioni na inabidi nishike bomba nisubiri; hili la ngazi limeanza kama miezi 2 hivi. Kazi yangu ni kuweka hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo. Ikifika saa 8 mchana nimechoka kichwani, nahesabu noti mara 3 na kila mara zinatoka tofauti. Wiki jana niliandika katoni 41 badala ya 14. Bosi hakunifokea, ila aliniangalia. Nikirudi nyumbani nimechoka vidole, hata mfuniko wa chupa ya mafuta namwita mtoto anifungulie.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya binamu wa mume wangu, Tabata. Nilishona sare, nikaenda, nikacheza, nikarudi saa 6 usiku. Jumapili nikaamka mzima kabisa, hata nguo za wiki nzima nikafua. Jumatatu sikuinuka. Jumanne sikuinuka. Jumatano ndiyo nikaweza kwenda bafuni, tena kwa kushika ukuta. Wifi aliponiuliza nina nini nikamwambia nimechoka. Akacheka, akasema, "Mbona kwenye mduara hukuchoka?" Mume wangu alikuwa amekaa palepale na hakusema kitu.

Kliniki nako ni hivyohivyo. Nakaa foleni tangu asubuhi, naingia, daktari anauliza, "Unaendeleaje?" Namwambia nimechoka. Anasema, "Pole, ndivyo ugonjwa wako ulivyo," anaandika dawa zilezile, natoka. Hata dakika 5 hazifiki.

Dada, nimechoka kujieleza. Nitumie neno gani watu waelewe? Au ni kweli mimi ni mvivu, ugonjwa nausingizia?

Mchovu wa Kimara

*

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Hilo swali la mwisho tulimalize haraka tuingie kwenye mambo ya maana. Mvivu akipewa siku 2 za kulala anaamka amenawiri. Wewe ulilala Jumatatu na Jumanne, Jumatano ukaamka umeshika ukuta. Basi.

Barua yako nimeirudia nikiwa na kalamu mkononi. Neno "nimechoka" umeliandika mara 7, na nilipomaliza kuyapigia mistari nikaona ni maneno 7 tofauti yaliyoshonewa sare moja, kama nyinyi siku ile ya Tabata. Si kosa lako. Kuchoka kwa Kiswahili ni gunia: anaingia aliyelima, anaingia mwenye usingizi, anaingia aliyekinai ndoa, na hata shati lililopauka tunasema limechoka. Lakini lugha hiyohiyo ina mavune, ina mnyong'onyo, ina ulegevu, ina kuzidiwa, ina kuwa hoi, ina kuchoshwa. Bibi zetu waliyatumia kila siku. Sisi tumeyafungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa kisukari wa mwaka wa 11 na mdadisi mkubwa, na nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki kiasi cha kujua kwamba mtu anayesema "nimechoka" hupewa pole, na anayesema amechokaje hupewa kipimo. Kwa hiyo twende gunia kwa gunia, si kwa mpangilio wako.

Naanza na la pili, la ngazi, kwa sababu hilo sitaki lisubiri tarehe yako ya kliniki. Uchovu wa lupus unaweza kukaa nawe miaka. Ila uchovu wenye tarehe ya kuanza, unaoweza kusema "huu umekuja miezi 2 iliyopita", huo ni mgeni, na mgeni huulizwa katokea wapi. Moyo kudunda na pumzi kukatika kwenye ngazi mara nyingi ni damu kupungua. Kwa mwenye lupus damu ina njia nyingi za kupungua: ugonjwa wenyewe unaweza kuzivunja chembe nyekundu, figo zikiguswa, mwili unatengeneza damu kidogo, dawa za maumivu zinaweza kuchubua tumbo ukavuja bila kujua, na hedhi nzito nayo ina lake. Kila njia ina tiba yake, ndiyo maana kununua vidonge vya kuongeza damu dukani na kubahatisha hakutoshi. Isitoshe, lupus inaweza kugusa hata utando wa moyo na wa mapafu. Nenda wiki hii, useme ngazi. Na ukipata maumivu ya kifua, au ukishindwa kupumua ukilala chali, au miguu ikavimba, au mkojo ukawa na povu jingi, wiki ni mbali. Nenda siku hiyohiyo.

Sasa la kwanza, la kuamka kama uliyekesha msibani. Mwaka 2003 mwanamke wa Marekani mwenye lupus kama wewe, Christine Miserandino, aliandika jinsi alivyomweleza rafiki yake maisha yake kwa vijiko: kila kazi ya siku inakula kijiko, na vikiisha, siku imeisha. Wagonjwa wengi wanahesabu vijiko mpaka leo. Mimi vijiko havinikai, labda kwa sababu nyumbani kwangu vinapotea kila mwezi. Mimi nina LUKU. Unanunua umeme, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kabla hujawasha taa. Ndivyo usingizi wako ulivyo: hata ukilala masaa 7, yuniti zinazoingia si za masaa 7. Waambie hivyo nyumbani. Dar nzima hakuna ambaye LUKU haijamkata kabla ya kumpa.

Ila kwako nashuku kuna mkataji mwingine, na umemtaja mwenyewe bila kujua. Prednisoloni kwa kawaida huelekezwa kumezwa asubuhi pamoja na chakula, maana ikimezwa usiku inafukuza usingizi. Wewe unaimeza ukienda kulala, kisha unaulaumu ugonjwa peke yake! Muulize daktari au mfamasia wako kama unaweza kuihamishia asubuhi. Chai na kipande cha mkate saa 11 havitakuchelewesha basi. Lakini usiikatishe ghafla eti kwa sababu inakukosesha usingizi. Mwili uliozoea prednisoloni kwa muda mrefu hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, na dawa ikikatika ghafla unaweza kuanguka kabisa. Huo nao ni uchovu, na ni wa kulazwa.

La nne, la vidole, nalipita upesi kwa sababu si uchovu. Vidole vinavyoshindwa mfuniko ama vinauma, ama vimekakamaa, ama havina nguvu, na daktari huyatofautisha hayo matatu. Angalia asubuhi vinachukua dakika ngapi kulainika, umwambie kwa dakika. Kama siku nyingine ni misuli ya mwili mzima, kama mtu aliyetwanga tangu alfajiri, hayo yaite mavune.

La tatu, la kichwani, ndilo wagonjwa wengi wanalionea aibu kuliko yote. Kuumwa mgongo kunaeleweka. Kusahau neno katikati ya sentensi, au kuhesabu noti ukapata majibu 3, mtu anaogopa ataonekana amekuwa mjinga. Mgonjwa mmoja aliniambia kichwa chake kimejaa pamba, na sijasikia jina zuri kuliko hilo. Kwa wenye lupus hali hii inajulikana sana, na usingizi mbovu unaizidisha, joto linaizidisha. Februari, ndani ya duka la Kariakoo lisilopitisha upepo, umeme umekatika na feni imesimama, hata asiyeumwa anapotea kwenye hesabu. Mimi nikianza kukosea chenji najua sukari imeshuka, natoa kipimo, nakula. Pamba yako haina kipimo cha kidoleni, kwa hiyo ichunge kwa saa. Hesabu nzito zifanye kabla ya saa 5 asubuhi, mchana ubakize kupanga risiti. Idadi ziandike kwa tarakimu na kwa maneno, maana 14 inaweza kugeuka 41 lakini kumi na nne haigeuki arobaini na moja. Na bosi wako hahitaji kusomeshwa lupus. Anahitaji kujua kwamba hesabu zako za asubuhi ni za kuaminika, na za mchana mtu azipitie.

Haya, la tano. Hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, na wifi yako kauliza swali zuri kwa mdomo mbaya. Ni kweli, kwenye mduara hukuchoka. Ulicheza kwa mkopo. Na mkopo wenyewe si ule wa kikoba, wa kusubiriana na kuoneana haya. Ni kausha damu. Pesa unapewa siku hiyohiyo, hakuna anayekuhoji, unatumia, unacheka. Siku ya 2 kimya. Siku ya 3 wamefika kubeba friji.

Uchovu watu wanaoujua ni ule wa papo kwa papo: umefua, umechoka, umelala, umepona. Huu wa kwako unaweza kuchelewa siku nzima au 2 ndipo ubishe hodi. Anayekutazama Jumapili anaona mzima, Jumatatu anaona mvivu, na katikati haoni kamba inayounganisha. Hata wewe huoni. Umeniandikia harusi kama ndiyo iliyokulaza, lakini nikwambie ninavyoona mimi: Jumapili ilikudanganya. Deni la mduara lilikuwa halijaanza kudaiwa, wewe ukakopa lingine juu yake kwa kufua nguo za wiki nzima. Kama ulizifulia uani jua likiwa utosini, uliongeza na riba, maana jua linaweza kuamsha lupus. (Na kwamba ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na wifi mwenye mikono 2 mizima, hilo nitalirudia.)

Sikushauri uache harusi. Nimewaona walioacha harusi, wakaacha vikao, wakaacha ibada, na uchovu haukupungua hata nukta. Walibaki nao chumbani, wawili peke yao. Nenda, mdogo wangu. Kula nyumbani kabisa, tunazijua harusi zetu, chakula kinakuja watu wameshalala kwenye viti. Siku moja kabla usifanye lolote kubwa. Cheza nyimbo 2 zile ambazo ungejilaumu ukizikosa, zilizobaki piga makofi ukiwa umekaa, saa 4 panda bajaji. Jumapili lala kwa hiari yako, hata kama mwili unakwambia uko fiti. Na siku za kawaida jaribu kutembea kidogo, dakika 10 tu kabla jua halijapanda, kunawasaidia wengi wenye lupus kupunguza uchovu. Ila usijipime jioni ileile. Jipime keshokutwa. Ukiona kila ukitembea unaangushwa siku ya 3, punguza na umwambie daktari, kwa sababu hiyo nayo ni habari anayoihitaji.

La saba si kuchoka. Ni kuchoshwa. Aliyechoka hana wa kumlaumu, aliyechoshwa anaye. Umechoshwa na foleni, na vidonge vya kila siku, na kuonekana mzima, na kila ndugu anayekuja na majani yake kwenye mfuko. Huu kulala hakuutibu, na ukiuchanganya na ule wa damu au wa usingizi utazunguka miaka ukitafuta dawa mahali ambapo haipo. Jirani yangu anayesafishwa damu mara 3 kwa wiki ana ufumbuzi wake: siku ya mashine anazima simu, na atakayekuja kuuliza hali anajibiwa na binti yake mlangoni. Wewe chagua watu 2 wa kuwaeleza mpaka waelewe. Wengine wape "naendelea vizuri", waondoke nayo.

Wa kwanza awe mumeo. Ule ukimya wake mbele ya dada yake haukunipendeza hata kidogo. Lakini mara nyingi mwanamume hunyamaza pale kwa sababu hana la kusema, si kwa sababu hayuko upande wako, basi mpe la kusema: "Analipa deni la Jumamosi." Maneno manne, anaweza kuyakumbuka. Na siku moja mchukue kliniki akae kwenye lile benchi tangu asubuhi. Foleni itamweleza mengi ambayo wewe umeshindwa.

Hapohapo jichunguze kitu kimoja. Ikiwa hata watoto hawakuchekeshi tena, chakula hakina ladha, unalia bila kujua unalilia nini, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, hiyo ni sonona. Inawapata wengi wanaoishi na magonjwa ya kudumu, inachosha mwili kwelikweli, na inatibika. Itaje kwa jina lake, na kama mawazo hayo ya kutokuwepo yamekufika, mwambie mtu leo.

La sita nimeliweka nyuma makusudi. Ndilo pekee kati ya 7 ambalo halina kitu ndani. Kwangu mimi, nisiyeweza hata kukuandikia panadoli, umeleta moyo unaodunda, bomba la ngazi, noti, katoni, mfuniko, ukuta wa bafuni. Kwa daktari ukapeleka gunia limefungwa mdomo. Naye hakulifungua, na hapo simtetei, "ndivyo ugonjwa wako ulivyo" si jibu. Lakini hakuna mashine ya kupima uchovu. Anachoweza kupima ni wingi wa damu, figo, tezi ya shingoni, sukari, na hajui aanze na kipi mpaka umwonyeshe njia. La ngazi, nimeshasema, nenda nalo wiki hii hivyohivyo. Kwa tarehe yako ya kawaida chukua daftari la mtoto, kila jioni andika mstari mmoja: saa ngapi ulizidiwa, ulikuwa unafanya nini, ulishindwa nini. Siku ya kliniki akiuliza unaendeleaje, fungua daftari. Iwe kitu kama hiki:

"Daktari, tangu miezi 2 iliyopita simalizi ngazi za Kimara bila kusimama, zamani nilizipanda moja kwa moja. Moyo unadunda. Prednisoloni nilikuwa nameza usiku na nikiamka ni kama sikulala. Asubuhi vidole vinachelewa kulainika. Mchana hesabu zinanipotea. Nikifanya kazi nyingi siku moja, naanguka siku ya 3."

Nimeisoma kwa sauti huku naangalia saa ya simu. Ni nusu dakika. Zinabaki 4 na nusu za yeye kufanya kazi yake.

Uliniuliza neno la kumwambia wifi. Kwa wifi sina neno, nina beseni. Jumapili ya baada ya harusi ijayo lijaze nguo, libebe mpaka mlangoni kwake, liweke chini taratibu, urudi kulala.